Uwanja Uliopandwa Miwa

Nilipewa michezo kwa sababu nilikuwa mgeni. Mwalimu mpya akifika katika shule zetu hupewa kile ambacho wenzake wamekichoka, na mwaka ule kilichokuwa kimechokwa ni michezo. Mwalimu mkuu wetu, mama mpole anayevaa sweta hata jua likiwaka, alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni akasema, "Wewe una miguu. Utachukua michezo." Walimu wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao, bila kujua kwamba kazi ilikuwa imeshakabidhiwa.

Shule iko Matungu, ndani kabisa, mahali ambapo ukisimama barabarani huoni nyumba. Unaona miwa, na juu ya miwa unaona moshi wa jikoni, na hapo ndipo unajua kuna watu. Mimi nimezaliwa Lugari, kwenye mahindi. Mahindi yakishavunwa mtu huona mbali hadi mvua irudi. Miwa haikupi nafasi hiyo. Mwezi wangu wa kwanza pale nilikuwa nikihisi kama mtu aliyefungiwa chumbani, na mahali pekee nilipoweza kupumua palikuwa uwanja wa shule.

Haukuwa uwanja wa kujivunia. Uliinama upande wa magharibi, hivyo timu iliyoshambulia kuteremka katika kipindi cha kwanza ilifunga mabao yake upesi kabla ya kubadilisha pande. Milingoti ya goli ilikuwa ya mikaratusi, na mchwa walikuwa wameila chini mpaka ikawa inayumba mpira ukiigonga. Kona moja ilikuwa na kichuguu ambacho watoto wote walijua kukizunguka bila kukitazama. Mvua ikinyesha, mbele ya goli la chini palikuwa bwawa. Lakini palikuwa pana, nyasi zake zilikuwa fupi kwa sababu ya ng'ombe wa majirani, na kengele ya mapumziko ikilia watoto mia kadhaa walimwagika pale kwa kelele ambayo sijaisikia tena.

Kipindi cha michezo kilikuwa kwenye ratiba, lakini kwenye ratiba tu. Mwalimu wa Hisabati alikuja mlangoni na chaki mkononi: "Madam, niazime hawa watoto kidogo, tuko nyuma." Wa Kiingereza naye alikuja. Hakuna aliyewahi kurudisha. Pesa za serikali zilipofika, vilinunuliwa vitabu, chaki, na bati la kuzibia darasa lililovuja, na nani angebisha? Mtoto hawezi kusomea chini ya maji. Mpira ulikuwa wa mwisho katika kila mkutano, na mikutano yetu huisha kabla ya mambo ya mwisho kufikiwa.

Kwa hiyo nilianza kuwafunza jioni, baada ya masomo. Nilianza na wasichana, kwa kuwa wavulana walikuwa wakicheza hata bila mimi. Walikuja wachache, wakaja wengi. Miongoni mwao alikuwapo mmoja wa gredi ya tano, mrefu, mwembamba, mkimya. Alikataa kucheza mbele, akakataa kucheza kati, akaenda mwenyewe kusimama golini. Mpira wa kwanza ulipomjia aliurukia kama mtu anayemdaka mtoto anayeangukia motoni. Aliinuka na magoti yanatoka damu, mpira kifuani, akauliza, "Sasa nifanye nini nao?"

Niliwaambia wengine waendelee nikageuza uso, maana nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Alikuwa akiishi na nyanya yake. Baada ya wiki chache nyanya aliniita. Nilimkuta amekaa mlangoni anachambua mboga.

"Mulembe, mwalimu. Keti. Huyu mtoto ananirudia kila jioni kama amepigana na mbwa. Sketi imekwisha. Ni wewe unamfanyia hivyo?"

"Kukhu, ni mpira. Anadaka vizuri sana."

"Anadaka nini?"

"Mpira. Ukipigwa kuingia golini, yeye anauzuia."

Akafikiri. "Na watu wanajua ni yeye ameuzuia?"

"Wanajua. Wanapiga makofi."

Aliendelea kuchambua mboga kwa muda. Kisha akasema, "Basi adake. Lakini adake na nguo ya nyumbani, si sare ya shule." Akaniwekea obusuma, ugali wa kwetu, na mboga, na sikuruhusiwa kuondoka kabla sahani haijawa tupu.

Mwaka ule wasichana wetu walifika nusu fainali ya mashindano ya zoni, wakatolewa kwa penalti. Walirudi wamesimama nyuma ya lori la kubebea miwa lililokuwa la mzazi mmoja, wakiimba kana kwamba wameshinda. Watu walitoka kando ya barabara kuwatazama. Yule kipa alikuwa mbele kabisa, ameshika chuma cha lori, haimbi, anatabasamu tu. Mwalimu wa Hisabati alinipa mkono siku iliyofuata. Sikumbuki kama aliwahi kuniazima watoto tena muhula ule.

Hapo ndipo nilipoanza kutaka zaidi. Nilisikia kuna mradi uliokuwa ukisaidia shule za msingi kutengeneza viwanja: wanasawazisha ardhi, wanapanda nyasi, wanaweka milingoti ya chuma na kuleta mipira na neti. Ofisi yao ilikuwa Kakamega mjini, si mbali na Amalemba, ambako dada yangu amepanga nyumba. Nilikwenda huko mara nyingi kuliko nilivyokwenda kumwona dada. Kila nilipofika niliambiwa mhusika ametoka. Nilijifunza kukaa. Nilikaa kwenye benchi lao nikisahihisha madaftari ya watoto hadi mlinzi akaanza kuniletea chai. Mwishowe mhusika alichoka kunikuta pale, akasema watakuja kutazama.

Walikuja kweli. Wanaume wawili na mwanamke mmoja, na kamba ya kupimia, na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Walipima urefu, wakapima upana, wakapiga vigingi kwenye pembe zote. Mwanamke yule aliniambia, "Uko na ardhi nzuri, mwalimu. Shule nyingi hazina." Watoto walikuwa wamejipanga kando kama watazamaji wa mechi. Kigingi cha mwisho kilipoingia ardhini wakapiga kelele za bao.

Jioni ile ile, watoto walipokuwa wameshakwenda, alikuja jirani yetu. Shamba lake linapakana na uwanja upande wa chini. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye sauti ya chini, na mjukuu wake alikuwa gredi ya tatu katika shule yetu. Alisimamisha baiskeli, akatembea na gambuti zake hadi kwenye kigingi cha pembeni, akakitazama kwa muda mrefu.

"Mulembe, mwalimu."

"Mulembe, mzee."

"Hivi vijiti vyekundu ni vya nini?"

Nikamweleza kwa furaha. Nilimweleza mambo ya nyasi, mambo ya milingoti, hata sehemu ya watazamaji kukaa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Milingoti ya chuma," akasema.

"Ndiyo, mzee. Hii ya mikaratusi imeoza."

"Chuma hakiozi," akasema. "Mwalimu, babu yangu ndiye alisema watoto wachezee hapa. Alisema kwa mdomo. Hakuandika. Na hakusema mtu atakuja na kamba apime."

"Lakini ni uwanja wa shule, mzee. Umekuwa wa shule miaka yote."

"Najua. Mimi mwenyewe nilichezanga hapa. Nilivaa namba tisa. Waulize watu wa umri wangu, watakuambia." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Niko na vijana wanne. Wawili wameoa. Namba tisa haikuwapatia pahali pa kujenga."

Nilisema, "Nitamwambia mwalimu mkuu." Alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitegemea, akachukua baiskeli yake akaenda. Nilimwambia mwalimu mkuu asubuhi. Akasema atazungumza na chifu. Ilikuwa karibu na kufunga shule, kulikuwa na ripoti za kujaza, na nina hakika alikusudia kweli kuzungumza naye.

Likizo ya Desemba nilikwenda Lugari kwa mama. Niliporudi Januari, siku moja kabla ya kufungua, niliona kutoka barabarani kwamba kuna kitu kimebadilika, lakini sikutambua mara moja ni kitu gani. Rangi haikuwa ile. Mahali palipokuwa na kijani palikuwa na wekundu wa udongo. Trekta ilikuwa imepita uwanja mzima, kutoka ukuta wa madarasa hadi ukingo wa chini. Kichuguu kilikuwa kimesawazishwa. Milingoti ya mikaratusi ilikuwa imelazwa kando, imepangwa vizuri, kama kuni. Matuta yalikuwa yamenyooka, na ndani ya kila mfereji vilikuwa vimelazwa vipande vya miwa vya mbegu, vingine vimeshafukiwa.

Vigingi vyekundu vilikuwa vimewekwa juu ya ngazi ya ofisi. Aliyevingoa hakuvitupa. Alivirudisha.

Kipa wangu alikuwa pale, amesimama ukingoni na kopo la maji la nyanya yake. Alikuwa ametumwa kwenye kisima cha shule. Hakunisalimu. Aliuliza, "Mwalimu, wataitoa?"

"Wataitoa," nikamwambia.

Nilisema hivyo kwa sababu niliamini. Ilikuwa shule ya umma, watoto wote wale, wazazi wote wale, chifu, kanisa lililoianzisha shule. Ningewezaje kuamini kwamba mtu mmoja na trekta ya kukodi angeushinda umati huo?

Mkutano uliitishwa wiki ile ile, wazazi wamekaa kwenye madawati yaliyotolewa nje. Chifu alikuja, mzee wa kanisa alikuja, jirani naye alikuja amevaa koti. Mzee wa kanisa alieleza jinsi babu alivyosimama mbele ya waumini akatoa ardhi, na jinsi waumini walivyopiga magoti kumshukuru Mungu. Kila mtu alijua habari hiyo. Wengine walikuwa wameisikia kwa wazazi wao. Chifu akauliza, "Karatasi iko wapi?" Mzee wa kanisa akamtazama mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akatazama sweta yake. Jirani akatoa hati yake ya shamba kutoka mfuko wa ndani wa koti, na ardhi iliyoandikwa mle ilifika hadi ukuta wa darasa la gredi ya nne.

Hakujigamba. Alisema, "Sijafukuza shule. Madarasa yako pale. Mimi nimelima shamba la babangu."

Mama mmoja akapiga kelele, "Na watoto watacheza wapi?"

"Hata mimi nina mjukuu hapa," akasema. "Naye atauliza hivyo hivyo."

Chifu alisema jambo hili limemzidi, ni la mahakama, na bodi ya shule ikaamua kulipeleka huko. Asubuhi ya siku iliyofuata wanaume kadhaa walikuja na majembe wakitaka kung'oa mbegu. Mwalimu mkuu alitoka mbio ofisini na kusimama mbele yao kwenye tuta la kwanza, mikono ameitandaza. "Mkigusa hata moja mtalala seli," akawaambia, "na watoto wenu watawaona mkipelekwa." Walisimama wakanung'unika. Mmoja wao alikuwa shemeji ya jirani, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka jembe begani. Wengine wakamfuata. Nilikuwa nimesimama dirishani, na hadi leo sijui nilitaka nini zaidi: waing'oe, au waende nyumbani salama.

Nilikwenda Kakamega. Mlinzi alinijua, akaleta chai. Yule mwanamke aliyetusifia ardhi alinisikiliza, na naamini alisikitika kweli. "Hatuwezi kuweka pesa kwenye ardhi yenye kesi, mwalimu," akasema. "Tukiweka, tutaulizwa." Nikamwuliza kama wanaweza kutungoja. Akasema shule nyingine imeshachukua nafasi yetu, upande wa Butere. Akaniambia kesi ikiisha nirudi. Nilitoka, nikapita kwa dada, nikakaa kitini kwake bila kuvua viatu.

Mama alinipigia simu jioni ile. Nilipomweleza, akauliza, "Kwa hivyo sasa wewe ni mwalimu wa michezo bila uwanja?" Hakuwa ananicheka. Alikuwa anataka kuelewa. Nikamwambia ndiyo, ndivyo nilivyo.

Tulihamia barabarani. Mbele ya lango la shule kuna barabara ya changarawe, na jioni huwa haina magari mengi, isipokuwa bodaboda na trekta za miwa. Niliweka mawe mawili kuwa goli. Hayangeweza kuachana sana, maana barabara ni nyembamba na kila upande una mtaro. Mtoto mmoja alisimama upande huu kutazama trekta, mwingine upande ule. Trekta ikija walipiga mayowe, sote tukashuka mtaroni tukangoja tela zote zipite na vumbi litulie, kisha tukarudi. Kipa wangu hakuweza kuruka. Aliruka mara moja tu kwenye changarawe, akachubuka kiwiko hadi nyama ikaonekana. Baada ya hapo alijifunza kuzuia kwa miguu, amesimama, na sikumlaumu.

Siku moja bodaboda ilipita bila honi, ikamkosa mtoto wa gredi ya nne kwa upana wa kiganja. Mwalimu mkuu aliona kutoka ofisini. Hakunikaripia. Alinishika mkono akasema, "Mwalimu, tafadhali. Mimi sitaweza kumweleza mzazi." Na hapo barabara nayo ikaisha.

Mashindano ya zoni yalipofika nilitaka tusiende. Wasichana ndio waliokataa. Walisema mwaka uliopita tulibakiza kidogo tu. Kwa hiyo tukaenda, katika shule iliyokuwa na uwanja tambarare, milingoti mirefu, neti nyeupe. Niliwaona wakiingia uwanjani wakitazama huku na huku, kama watu walioingia nyumba kubwa ya mtu wasiyemjua. Walikuwa wamesahau kukimbia mbali. Kila mmoja alicheza mahali padogo, wakakusanyika katikati kana kwamba bado wana mtaro huku na huku. Mipira ya kwanza iliyoelekezwa golini kipa wangu aliitazama ikipita. Hakuisogelea hata. Kisha akaanza kuruka, lakini akaruka akiwa amechelewa, na kila mara alianguka mahali ambapo mpira haupo.

Mechi ilipoisha alikuja moja kwa moja kwangu. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile, hata kwa kile kiwiko.

"Mwalimu," akasema, "lango lilikuwa kubwa."

Lango lilikuwa la kawaida. Lilikuwa kubwa sawa na lile la mikaratusi lililokuwa kwetu, ambalo mwaka uliotangulia alilijaza lote. Nilimvika sweta yangu. Safari hii lori lilirudi bila wimbo, na watu wa kando ya barabara waliotutazama walidhani tumetoka matangani.

Miwa haina haraka, lakini haisimami. Muhula wa pili ilikuwa magotini mwa watoto. Muhula wa tatu ilikuwa imewapita vichwa, na madarasa ya upande ule yakawa na giza hata mchana. Kesi ilikuwa ikitajwa na kuahirishwa. Kila mara mwalimu mkuu na mwenyekiti wa bodi walivaa vizuri asubuhi wakaenda, wakarudi mchana wakiwa na tarehe nyingine. Mapumziko watoto walibaki kwenye kijia kati ya vyoo na jiko, wanasukumana. Walianza kupigana sana. Mwalimu wa zamu alilalamika kwamba watoto wa siku hizi wamekuwa wakorofi, na hakuna aliyemjibu. Nami nilifundisha michezo ndani. Tulinyoosha mikono katikati ya madawati. Tulipokezana kigunzi cha mahindi badala ya kijiti cha mbio, wamekaa, kutoka dawati hadi dawati. Walifurahi, kwa sababu watoto hufurahia chochote, na kufurahi kwao ndiko kulinichosha zaidi.

Mwaka uliofuata yule kipa aliingia sekondari ya msingi, ambayo iko hapo hapo katika eneo la shule yetu. Nilimwona kila siku na hatukuzungumza habari za mpira.

Katikati ya mwaka huo, miwa ilikomaa. Waliichoma mchana ili majani yaungue wapate kuikata kwa urahisi. Tulikuwa tumefunga madirisha, lakini majivu meusi, mepesi, yaliingia chini ya paa yakatua kwenye vitabu, na watoto walipoyapangusa yakaandika mistari kwenye kurasa. Wakataji wakaja na mapanga, trekta zikaja na tela. Baada ya siku chache ilikuwa imekwisha yote.

Na uwanja ukaonekana. Niliuona tena mteremko wote hadi chini, na mbali zaidi, na anga. Nilisimama mlangoni mwa darasa kama siku ile nilipofika. Kisha kengele ya mapumziko ikalia.

Hatukuwa tumewaonya. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiri. Walitoka madarasani, wakaona nafasi, wakaingia mbio, wadogo mbele, wengi bila viatu. Muwa ukikatwa kwa panga huacha kisiki kilichochongoka, kigumu, kimeinama upande mmoja kama mkuki. Nilisikia kelele ikibadilika. Mwanzoni ilikuwa kelele ile niliyoikosa, kisha haikuwa hiyo tena. Nilikimbia nikipiga filimbi. Walisimama walipokuwa, wengine wamesimama kwa mguu mmoja, wakiogopa kuuweka chini ule mwingine.

Mtoto wa gredi ya pili kisiki kilikuwa kimempenya mguu. Nilimbeba hadi ukingoni, na hapo nilimkuta jirani, ameshaiegesha baiskeli kunielekea. Alimweka mtoto kwenye kiti cha nyuma, nikamfunga mguu kwa leso yangu, tukaenda zahanati, yeye anasukuma, mimi namshikilia mtoto. Mtoto alilia njia nzima akimwita mama yake. Kwenye zahanati tulikaa benchi moja tukisikiliza akishonwa.

"Mimi sikuwaambia waingie," akasema jirani mwishowe.

"Wala mimi, mzee."

Alikuwa ameshika kofia yake magotini, anaizungusha. "Hata wangu aliingia," akasema. "Nimemwona. Ametoka mzima." Kisha akaongeza: "Kiwanda cha sukari hakijalipa. Ningekuwa na ardhi nyingine, mwalimu, ningewaachia hii. Naapa."

Nilimwamini. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba nilimwamini na hakukuwa na kitu kingine cha kufanya na imani yangu.

Watu wa mahindi hudhani kila mwaka shamba huanza upya. Sikujua kuhusu miwa. Nilidhani tutapata miezi kadhaa ya ardhi tupu, nikaanza hata kupanga jinsi tutakavyong'oa visiki. Mvua ilinyesha na visiki vile vile vikatoa machipukizi. Hakuna aliyepanda. Miwa ilijiotea yenyewe, tena minene kuliko ya kwanza.

Jumamosi moja nilikuwa shuleni kuchukua madaftari. Kulikuwa na watu wakipalilia, wanawake wawili na vijana, na kati yao nilimwona kipa wangu na jembe. Alikuwa amekua. Nilimwita, akaja akipangusa mikono kwenye leso aliyojifunga.

"Kukhu yuko?"

"Yuko. Miguu inamsumbua. Ananiambia nikusalimie kila siku, mimi nasahau."

"Unapalilia hapa kila Jumamosi?"

"Kama kuna kazi. Analipa vizuri, hachelewi." Akatazama nyuma alikotoka. "Goli lilikuwa pale. Udongo wa pale bado ni mgumu, jembe linaruka. Tulipakanyaga sana."

Nilitaka kumwambia kuna shule yenye uwanja, kuna timu, kuna mwalimu fulani ninayemjua. Nilikuwa nimeshamwuliza mwalimu huyo. Shule ilikuwa ya bweni, na karo yake ilikuwa juu ya uwezo wa nyanya, juu ya uwezo wangu pia. Kwa hiyo nilimwuliza anaendeleaje na masomo. Akasema vizuri. Mwanamke mmoja akamwita kutoka kwenye matuta, akaniaga kwa heshima, akarudi kazini.

Muhula huu alikuja afisa wa kukagua ufundishaji. Alichagua kipindi changu, Sanaa na Michezo, gredi ya tano. Nilichora uwanja ubaoni kwa chaki nyeupe: mstari wa kati, duara, eneo la penalti. Nikauliza kipa anaruhusiwa kushika mpira kwa mikono wapi. Mikono yote iliinuka. Nikauliza mpira ukitoka nje unarudishwaje. Wote walijua. Msichana mmoja alikuja mbele akaonyesha kwa kidole, sawasawa kabisa, mahali ambapo kila mchezaji husimama. Hajawahi kusimama mahali pale hata siku moja. Afisa alifurahi. Alisema nimebuni, kwamba si walimu wengi wanaofanya hivyo katika mazingira magumu, na kwamba ataandika vizuri. Nilimshukuru. Nilimsindikiza hadi kwenye gari, akasimama kidogo akatazama miwa.

"Uwanja wenu uko upande gani?" akauliza.

Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema pole, akaingia garini.

Kesi itatajwa tena mwezi ujao. Mwalimu mkuu anastaafu mwisho wa mwaka, na anasema anatamani imalizike akiwa bado kazini, ili asimwachie mwenzake mzigo. Nimemwambia safari hii nitakwenda naye, ili asikae peke yake kwenye benchi. Miwa sasa imefika kiunoni mwangu.